Glenys na Jengo la Ghorofa Arobaini na Mbili

Mtu wa kampuni aliingia uwanjani na viatu vyake vya ngozi, vile vya kisigino kigumu, na papo hapo Glenys Pascoe akajua kwamba hawatapatana.

"Kaka, toka kwenye nyasi," alimwambia.

"Samahani, mama?"

"Umenisikia. Toka. Hapo mtu hakanyagi mpaka avae raba bapa, au avue kabisa."

Yule mtu, Brodie Vickers kwa jina, alicheka akidhani anataniwa. Alipoona hataniwi alitoka kwa hatua ndefu, na kila hatua ikaacha tobo dogo la nusu mwezi. Glenys alipiga magoti akayabonyeza matobo yale moja moja kwa kidole gumba, huku akisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Alikuwa na miaka sitini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kwenye uwanja huu wa klabu ya Mtaa wa Pandanus, akichukua kazi mikononi mwa baba yake siku mgongo wa mzee ulipokataa. Ni klabu ya mchezo wa kubingirisha mipira. Mipira yenyewe ni mizito, imetiwa uzito upande mmoja ili ipinde njiani, na mchezaji huilenga kwenye kipira kidogo cheupe kilicho mbele. Mpira ukipinda vizuri, mchezaji husifiwa. Ukipinda vibaya, husemwa uwanja, na kusemwa uwanja ni kusemwa Glenys.

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza baharini, aliburuta ufito mrefu juu ya nyasi kufuta umande. Kisha akaukata ukoka kwa mashine hadi ukabaki milimita tatu, si nne. Mchanga aliumwaga kwa mkono na kuusawazisha kwa ufagio. Halafu alibingirisha mpira mmoja akiwa na saa ya kupimia: ukitembea sekunde kumi na tano kabla ya kusimama alikunywa chai kwa raha, ukitembea kumi na mbili hakusema na mtu mpaka mchana. Wanachama walimtania kwamba ameolewa na ukoka. "Mumeo hajambo leo?" walimwuliza mlangoni. Mume wa kweli alikwisha kuondoka zamani, akahamia kisiwa cha Tasmania, akisema amechoka kulala na mtu anayenuka mbolea. Glenys hakumlaumu, ila alisema mbolea haijawahi kumwacha.

Sasa sikiliza mji ulivyokaa, maana hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Mji ni ukanda mwembamba wa mchanga katika pwani ya Queensland. Mashariki ni bahari, magharibi ni mto na mifereji iliyochimbwa ili kila tajiri apate mashua nyuma ya nyumba, na mbele zaidi milima ya kijani inayokusanya mawingu ya Januari na kutumwagia radi saa tisa alasiri. Kipupwe chake ni kitamu kuliko kiangazi cha nchi nyingine: Juni na Julai mbingu ni kavu na bluu, hakuna jasho, na watu wa Melbourne, mji wa baridi ulio mbali kusini, wanapanda ndege na makoti yao kuja kuota jua. Kwa kuwa ardhi ni nyembamba, wenye majengo hawakuwa na pa kutanua ila juu. Wakapanga minara yao mstari mmoja kutoka kichwa cha mji hadi mkiani, ghorofa thelathini, hamsini, sabini, vioo vitupu. Ya upande wa bahari ikala jua la asubuhi. Ya upande wa mto ikala la jioni. Ikifika saa nane mchana wa kipupwe, pwani yenyewe, ile inayouzwa kwenye mabango ya viwanja vya ndege, imo kivulini, na wageni wanasogeza taulo zao kuelekea majini hatua kwa hatua mpaka mchanga unawaishia. Na watu wanaona ni kawaida! Hakuna anayeuliza nani aliwapa ruhusa ya kuuza kitu kisha wakakifunika.

Klabu ilikuwa na bahati moja tu. Kaskazini, ng'ambo ya barabara na maegesho, palikuwa na moteli ya zamani ya ghorofa mbili. Kwetu huku kusini mwa dunia, jua la kipupwe, Juni hadi Agosti, hupita upande wa kaskazini, chini chini, na kivuli chochote huangukia kusini. Kwa hiyo uwanja wa Glenys uliishi kwa kupitia uwazi ule wa juu ya paa la moteli. Kuanzia saa nne hadi saa nane jua liliingia hapo, likakausha umande, likaupa ukoka nguvu, na wazee wakavua sweta zao; saa nyingine zote minara ya jirani ililiziba. Kampuni ya Brodie Vickers iliinunua moteli ile, ikabandika tangazo ukutani: jengo la ghorofa arobaini na mbili. Jirani mwenye pingamizi aandike barua ndani ya wiki sita.

Barua ya klabu ingekuwa na uzito. Klabu ndiyo iliyokuwa jirani wa karibu, na jirani akipinga kwa maandishi angeweza kuivuta kampuni mpaka mahakamani na kuilazimisha ipunguze kimo. Brodie alilijua hilo, ndiyo maana alikuja.

Mkutano uliitishwa Ijumaa saa sita mchana, siku ya bahati nasibu ya nyama. Katika klabu za huku, Ijumaa bila sinia la nyama si Ijumaa: mbavu za kondoo, soseji, vipande vya nguruwe, vyote vimefungwa kwa nailoni, na atakayetajwa namba yake anaondoka nalo kwapani akitamba. Kwa kawaida masinia huwa matatu. Ijumaa ile yalikuwa kumi, zawadi ya kampuni. Penye udhia penyeza rupia, wahenga walisema, na Brodie aliipenyeza yenye mafuta.

Mwenyekiti, Russ Oakhill, aliyewahi kuuza magari ya kulala safarini na bado alikuwa na sauti ya kuuzia, aligonga glasi. "Tumsikilize mgeni wetu upesi, jamani, nyama isije ikapata joto."

Brodie alitundika mchoro mkubwa wa rangi. Ulionyesha mtaa kwa juu, saa sita mchana, mwezi wa Juni. Jengo jipya limechorwa jekundu. Kivuli chake, cha zambarau, kilikuwa kimelala juu ya supamaketi. Uwanja wa klabu ulikuwa kijani kitupu.

"Kama mnavyoona," alisema, "hamguswi hata kidogo."

Ukumbi ukapiga makofi. Mtu akasema, "Safi! Haya, namba!"

Glenys alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, amebaki na soksi kwa sababu mabuti hayaingii ukumbini. Alikuwa ameutumbulia macho mchoro ule na kuhisi shingo inamchemka.

"Hicho kivuli kimeelekea upande gani?" aliuliza.

"Upande huu, wa supamaketi."

"Supamaketi iko upande gani?"

Brodie akaangalia karatasi. "Kaskazini."

"Na jua la Juni linapita wapi, kaka?"

"Juu!" akajibu mzee mmoja, na ukumbi mzima ukacheka.

"Glenys," Russ alisema kwa upole wa mtu anayemtuliza mlevi, "wataalamu wamepima kwa kompyuta."

"Kompyuta ya wapi?"

"Michoro inafanywa na ofisi yetu ya Ulaya," Brodie alisema. "Watu wenye uzoefu mkubwa."

"Ulaya! Huko jua linapita kusini! Hawa wamechora mji wetu wakatuwashia jua la kwao. Tokeni nje. Wote. Tokeni, nyama haina miguu."

Walitoka wakinung'unika, glasi mikononi. Aliwasimamisha mbele ya mlingoti wa bendera, chini ya jua la saa sita. Kivuli cha mlingoti kilikuwa kimelala chini, kimenyooka kuelekea mlango wa ukumbi, yaani kusini, mgongo kwa supamaketi. Mama Lorna Whitby, mwenye miaka themanini na miwili, akakigusa kile kivuli kwa ncha ya mkongojo wake kana kwamba anahakikisha si rangi.

Kilichomuudhi Glenys si kosa la Mzungu wa Ulaya asiyejua mambo ya huku. Usilolijua ni usiku wa giza. Kilichomuudhi ni wale sitini waliopiga makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kununua nyumba bila kuuliza kwanza kama baraza inatazama kaskazini! Ndilo swali la kwanza la kila mnunuzi katika nchi hii, hata bei hufuata baadaye. Nguo zao wanazianika kaskazini, viti vyao wanaviweka kaskazini, paka wao wanalala kaskazini. Wakaletewa karatasi ya rangi inayosema jua limehama, wakakubali, kwa sababu karatasi ilikuwa nene na mtu aliyeileta alikuwa na viatu vizuri.

"Nitalifuatilia hili," Brodie alisema, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Siku ile Glenys alishinda. Barua ya pingamizi iliandikwa hapo hapo mezani, Russ akaitia saini huku akikodolea masinia macho. Walimnunulia Glenys bia, wakampiga piga mgongoni, wakamwita profesa. Mama Lorna alimbusu shavuni. "Bila wewe, mwanangu, tungelizwa mchana kweupe," alisema. Glenys aliamini. Hakujua kwamba anavishwa kilemba cha ukoka, yeye aliyeuotesha.

Wiki nne baadaye Brodie alirudi, Ijumaa tena, safari hii kwa raba bapa nyeupe, mpya kabisa. Masinia yalikuwa ishirini.

Alitundika mchoro mwingine. Kivuli cha zambarau kilikuwa kimegeuka, kimevuka barabara, kimefunika uwanja wote kona hadi kona.

"Tulikosea, na tunamshukuru Bi Glenys kwa kutuonyesha," alisema. Makofi. "Ni kweli, wakati wa kipupwe kivuli kitaugusa uwanja kidogo, saa nne hadi saa nane."

"Kuugusa!" Glenys alisema. "Kimeulalia kama nguruwe!"

"Kwa hiyo kampuni, kama jirani mwema, itawawekea uwanja mpya bure. Zulia." Akatoa kwenye mfuko kipande cha plastiki ya kijani, akakipitisha mkono kwa mkono. "Halihitaji maji wala kukatwa. Halioti ukungu. Februari mvua ikinyesha, nusu saa baadaye mnacheza. Mnachotakiwa ni kuondoa ile barua tu."

Kipande kile kilizunguka meza zote. Watu wakakipapasa, wakakinusa, wakakipitisha shavuni. Glenys akaanza kusikia neno "Februari" likitajwa huku na huku, akajua mambo yanaharibika.

"Februari iliyopita tulikaa siku kumi na saba hatuchezi," mtu mmoja alisema.

"Kumi na tisa," akasahihisha mwingine.

"Ngojeni," Glenys alisema. "Zulia litazuia kivuli? Mwizi kawaambia anakuja kuwaibia, mnamwuliza atawaletea begi la rangi gani! Sawa, plastiki haifi kwa kukosa jua. Na ninyi? Ninyi ni plastiki? Julai mtakaa pale saa tano asubuhi na magoti yenu hayo, mmejikunyata kama kuku wa mvua, katika mji ambao watu wanapanda ndege kuja kuota jua!"

"Jua si tutalifuata pwani?" mzee mmoja akauliza.

"Pwani gani? Kachungulie saa nane uniambie umeliona wapi."

Russ akakohoa. "Glenys, tuseme ukweli. Unatetea kazi yako."

"Ndiyo, natetea kazi yangu! Ulitaka nitetee ya kwako? Miaka thelathini na mmoja natetea kazi yangu, wewe unaikanyaga kila Jumatano na kuilaumu kwa mikono yako mibovu!"

Watu wakacheka, wakampigia makofi kama anayeimba. Hapo ndipo aliposhikwa na uchungu, maana aliona wanampenda, kweli wanampenda, na hilo halitasaidia kitu. Akamgeukia Mama Lorna.

"Waambie, Mama Lorna. Wewe ulikiona kivuli kwa macho yako."

Mama Lorna alikuwa amekishika kile kipande cha plastiki mapajani. Alikigeuza geuza kabla ya kujibu.

"Mwanangu, nina miaka themanini na miwili," alisema. "Nimebakiza Februari ngapi? Siwezi kuzimaliza dirishani nikingoja nyasi zikauke."

Glenys akageuka, akayafuata mabuti yake mlangoni.

"Wanaokubali zulia?" Russ aliita. "Mikono juu, halafu tunaingia kwenye namba."

Arobaini na sita walinyoosha mikono, na Mama Lorna alikuwa mmoja wao. Tisa walikataa. Sinia la kwanza lilitajwa kabla Glenys hajamaliza kuvaa mabuti yake.

Mimi nasema wazi: waliuza jua. Hawakudhulumiwa, hawakudanganywa, maana udanganyifu ulikwisha kufichuliwa na mwanamke mwenye soksi zilizotoboka. Walilijua, wakaliuza kwa zulia na mbavu za kondoo. Na yule aliyewafumbua macho ndiye aliyewapa bei, kwa sababu kama Glenys angenyamaza siku ile ya kwanza, kampuni isingekuwa na deni la kuwafuta machozi. Aliliwaza hilo usiku na mchana, likamkosesha chakula. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakupigii makofi kwanza.

Ukoka wa miaka thelathini na mmoja ulitolewa kwa mashine asubuhi moja. Ulikunjwa mikunjo mikunjo, ukapakiwa kwenye lori, ukapelekwa kutupwa. Dereva alimwuliza Glenys kama anataka mkunjo mmoja wa kumbukumbu. Akamjibu akauoteshe kwa mama yake. Klabu ilimpa kazi mpya, ya kupitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia mara mbili kwa wiki. Alisikiliza maelezo ya mashine ile hadi mwisho, mahali pa kuwashia, mahali pa kumwagia taka, kisha akaondoka na hakurudi Jumatatu. Alipata kazi ya kukata nyasi za shule ya msingi ng'ambo ya mto, nyasi ngumu za watoto, zisizopimwa na saa.

Jengo lilichukua miaka miwili na nusu. Likapanda kioo kwa kioo mpaka uwazi ule ukazibika. Juu kabisa waliweka bwawa la kuogelea, na kwenye bango la mauzo wakaandika kwamba mkazi wa hapo atapata jua mwaka mzima. Hilo halikuwa uongo. Lilikuwa jua letu.

Mama Lorna hakuweza tena kuendesha gari, na Glenys, ingawa alikuwa ameapa kutokanyaga tena klabuni, ndiye aliyemchukua klabuni kila Jumatano kumrudisha kwake. Hasira hazikumzuia kumjali. Alimkasirikia huku akimfunga mkanda wa kiti. Kwa kawaida alimngojea barabarani na injini ikiunguruma. Lakini Jumatano moja ya Julai, ilipokuwa karibu saa tano, Mama Lorna hakutoka, ikabidi Glenys aingie.

Nje mtaani watu walikuwa wamevaa fulana. Alipovuka lango la klabu alihisi baridi inamshika miguu kama ameingia jokofu la nyama. Zulia lilikuwa kijani vile vile, kijani cha kijinga kisichobadilika, na juu yake hakukuwa na mtu. Mipira ilikuwa imeachwa katikati ya mchezo. Wachezaji kumi na wawili walikuwa wamejibana kwenye benchi moja la kona, makoti hadi shingoni, kofia za sufu, Russ akiwa na blanketi la gari magotini. Wote walikuwa wameelekeza nyuso zao juu, kwenye ukingo wa jengo, wakingoja.

"Mchezo umeisha?" Glenys aliuliza.

"Tumepumzika tu," Russ alisema. "Vidole vimekufa ganzi. Likishatoka hapo nyuma tunaendelea."

Mama Lorna alimsogezea nafasi, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi kabisa. Alikuwa na miaka themanini na mitano, na pua ilimdondoka maji.

"Afadhali umekuja, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye unayejua mambo haya. Jua linafika hapa saa ngapi?"

Glenys alilitazama jengo, akalitazama zulia, akawatazama wote kumi na wawili mmoja mmoja.

"Septemba," alisema.